Pumzi ya Asiyemwona Baba

Rumonge, 14 Januari 2024

Kwako Baba,

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua huanza kwa kuuliza hali. Mimi naomba nianze kwa kuomba radhi. Jumapili ile ulipopiga kwenye simu ya Padri Nestori, mimi ndiye niliyekuwa nimeishika. Ulisema, "Scovia? Scovia, unanisikia?" Nilikusikia. Nilisikia hata mvua ya huko. Lakini sauti yangu ilikwama, na Padri alipoona machozi akachukua simu akakuambia mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, Baba. Ni mimi. Hata darasani jibu ninalo lakini halitoki. Kwenye karatasi linatoka, ndiyo maana nimemwomba Mama tuwe tunaandikiana. Ukituma kwa sanduku la posta la parokia, Padri atanipa.

Sijui unajua nini juu yangu. Nina miaka kumi na tano, niko darasa la tisa, mwaka huu tuna mtihani wa taifa. Napenda kusoma. Mama bado anauza mawese sokoni na mikono yake haiishi rangi. Ziwa limepanda sana. Nyumba za chini zimeingiliwa na maji, kwa hiyo Faridi mvuvi na mke wake Kaoutar wamehamia katika kiwanja chetu na mtoto wao mchanga.

Mama ananiambia ulipoondoka kambi ya wakimbizi ya Mtabila yeye alikuwa na mimba yangu, na kwamba mlikubaliana wote wawili uende kutafuta maisha. Hajawahi kukusema vibaya. Lakini picha yenu ya pekee ililowa siku tuliporudi Burundi, nami nilikuwa mdogo, sijaiona bado, haikubaki hata kivuli. Watu wanasema nina paji lako. Najitazama kwenye kioo, nalifunika paji kwa mkono, kisha nalifunua, nione wewe uko wapi.

Naomba picha. Hata ndogo.

Mwanao,
Scovia

*

Roscommon, 20 Februari 2024

Scovia mwanangu,

Amahoro. Barua yako nimeisoma jikoni kazini mpaka chai ya wazee ikapoa, wakanilalamikia. Usiombe radhi tena kwa kunyamaza. Na mimi siku ile baada ya kukata simu nilikaa kwenye ngazi nusu saa.

Picha nitatuma. Nipe muda kidogo. Zilizopo ni za kazini, nimevaa kofia ya plastiki kama mpishi wa hospitali. Sitaki unione hivyo mara ya kwanza.

Kazi yangu huku Ulaya ni kuwatunza wazee. Kuna mmoja ana miaka tisini na mbili, anaitwa Bibi Attracta. Usicheke, ni jina la mtakatifu wa kwao. Yeye hunisimulia dawa za zamani za nchi hii. Anasema mwana wa saba wa kiume mkono wake huponya mba. Anasema mwanamke aliyeolewa na mtu mwenye jina la ukoo kama lake, mkate wake huponya kifaduro. Kila familia ilikuwa na ugonjwa wake mmoja iliouweza, basi, mwingine hapana.

Juzi aliniuliza kama nina watoto. Nikasema ninaye mmoja, hatujawahi kuonana. Nilidhani atanipa pole. Badala yake alinishika mkono akasema, "Hata siku moja hajakuona? Basi huyo ana pumzi!" Kwao, mtoto ambaye hajawahi kumwona baba yake, yeye akipuliza mdomoni mwa mtoto mchanga mwenye utando mweupe, ule unaomzuia kunyonya, utando huondoka. Apulize asubuhi kabla hajala kitu, mara tatu, siku tatu. Asilipwe. Na asiambiwe asante, kwa sababu asante inaikata dawa.

Nimekuandikia hilo upate kucheka kidogo. Na labda ujue kwamba mahali fulani duniani, mtoto kama wewe haonekani amepungukiwa.

Msalimie Mama.
Baba yako, Dismasi

*

Rumonge, 25 Machi 2024

Baba mpenzi,

Sikucheka. Nimeisoma barua yako mara nyingi, hasa pale mwisho.

Sasa nikuambie. Mtoto wa Kaoutar alikuwa na huo utando. Ulimi wote mweupe kama aliyelamba unga, analia akishika titi, analiacha, analia tena. Kaoutar alikuwa ameshakwenda kituo cha afya wakampa dawa ya zambarau ya kupaka, lakini alikuwa amechoka na anaogopa. Mimi nilimsimulia habari ya Bibi Attracta ili tu apate kitu cha kufikiri. Akaniangalia.

"Wewe baba yako iko Ulaya?"

"Ndiyo."

"Na hujamuona hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Sasa unangoja nini? Puliza!"

Nikamwambia ni dawa ya Wakristo wa mbali. Akasema mutoto yake hajui bado kutofautisha. Kwa hiyo nilipuliza, Baba, asubuhi kabla ya chai. Kinywa cha mtoto kilinuka maziwa. Siku ya tatu alinyonya mpaka akalala na titi mdomoni. Najua dawa ya zambarau ilikuwepo. Nimesoma biolojia, sisahau. Lakini Kaoutar hataki kusikia habari ya zambarau.

Shida ilikuwa kwenye asante. Hapa mtu hawezi kupewa hata moto wa kuwashia mkaa asiseme murakoze. Kaoutar alizunguka uani akiwa ameziba mdomo kwa kitenge. Mwishowe akasimama mbele ya mlango wetu akauinamia, akasema, "Murakoze, mlango. Murakoze sana." Mama alicheka mpaka akamwaga mawese.

Tangu siku hiyo wanakuja wengine. Wametoka sokoni, wametoka bandarini, jana mmoja alitoka Muhuta. Wote wanaushukuru mlango. Mimi ambaye darasani siinui mkono, wanaulizana, "Scovia iko? Scovia ameamuka?" Mama amewawekea sharti: kwanza kituo cha afya, ndipo kwetu. Wanakubali.

Naomba umwulize Bibi Attracta jambo moja. Je, picha inahesabiwa kuwa ni kuona?

Scovia

*

Roscommon, 6 Mei 2024

Scovia wangu,

Nimemsomea Bibi Attracta barua yako, nikiitafsiri neno kwa neno. Ile ya kuushukuru mlango aliomba niirudie mara tatu. Anasema wanawake wa kwenu wana akili kuliko wa kwao, maana hao walikuwa wanaondoka bila neno na baadaye wanasengenya.

Nimemwuliza habari ya picha. Alifikiri sana, akasema enzi zake baba akifa alikuwa haachi picha, lakini uso ni uso. Ukiuona, pumzi imekwisha. Basi pole, daktari wangu! Katika barua hii kuna bahasha ndogo ya bluu. Ndani ni mimi, nimevaa koti la kuazima, nimenyoa. Ukiifungua tu, umeachishwa kazi!

Sasa kaa chini. Nimepewa pasi ya nchi hii. Miaka yote ile ya Afrika Kusini na ya hapa, kuanzia kusubiri makaratasi hadi kusubiri hukumu ya ukimbizi, nilikuwa mtu asiyeweza kuvuka mpaka akarudi. Sasa naweza. Nimeshakata tikiti. Nafika Bujumbura tarehe kumi Agosti, nitakuwa Rumonge jioni ile ile au kesho yake, na nitakaa wiki tatu. Makaratasi ya kuwaleta ninyi huku nimeanza pia, lakini hayo ni safari ndefu, tusiyahesabu bado.

Scovia, nitakuona. Nimeandika sentensi hiyo nikaiangalia kama imeandikwa na mtu mwingine.

Baba yako

*

Rumonge, 9 Juni 2024

Baba,

Asante kwa barua na kwa bahasha. Nimefurahi kuhusu pasi. Mama aliposikia habari ya Agosti alikaa juu ya dumu tupu, kisha akaenda kuosha nywele.

Mimi nafikiri labda usiharakishe. Tikiti ni ghali, na hapa kwa sasa mafuta ya gari ni ya shida, barabara ya Magara maji yanaimega. Mtihani unakaribia na baada yake nitakuwa nimechoka. Pengine mwaka ujao ingekuwa vizuri zaidi. Ni wazo tu.

Watoto wanaendelea vizuri. Wiki hii walikuja wanne.

Scovia

*

Roscommon, 30 Juni 2024

Mwanangu,

Barua yako fupi nimeielewa. Jana nilizungumza na Mama yako kwa simu, nikamwuliza umeionaje picha. Akasema ukweli: bahasha ya bluu hujaifungua. Iko ndani ya kamusi yako tangu ilipofika.

Sikulaumu. Mtu ambaye umemngoja tangu uzaliwe hana haki ya kukupangia siku ya kumfurahia. Nilidhani barua zimetusogeza karibu. Labda zimesogeza karatasi tu.

Nataka ujue kitu kimoja. Usiku wa mwisho kambini Mama yako aliushika mkono wangu akauweka tumboni. Ulikuwa unapiga teke. Nikasema, "Huyu ana hasira na mimi tayari." Mama yako akasema, "Hapana, anakusalimia." Kila mahali nilipolala baada ya hapo nilichagua kuamini maneno yake. Kama mimi ndiye niliyekuwa nasema kweli, niambie, nitavumilia. Nitarudisha tikiti. Nitaendelea kuandika kama utanikubalia hilo.

Nasubiri neno lako.

Dismasi

*

Rumonge, 18 Julai 2024

Baba, usirudishe tikiti!

Barua hii Padri Nestori ataipiga picha aitume kwa simu yake leo leo, kwa sababu posta itachelewa. Amesema hataisoma. Nafikiri ataisoma. Sijali.

Sina hasira. Nilipoona umeandika Dismasi badala ya Baba, nililia mbele ya Kaoutar, naye akadhani mtu amekufa.

Nitajaribu kueleza. Tangu nikiwa mdogo, watoto wenzangu wakisema "baba amesema hivi, baba ameleta hivi," mimi nilikuwa natafuta kitu cha kufanya kwa mikono yangu. Kutokuwepo kwako kulikuwa kama kiti kitupu nyumbani ambacho haturuhusiwi kukikalia wala kukiondoa. Kisha ikaja barua ya Bibi Attracta. Kwa mara ya kwanza kile kiti kilikuwa na kazi. Mama mmoja alitoka Muhuta akiwa na mtoto mgongoni, kwa sababu mimi sijakuona. Unaelewa? Miaka yote ile ya kukukosa haikwenda bure, ilikuwa inajikusanya kifuani mwangu ikawa dawa.

Sasa nikikuona, miaka hiyo itakuwa ilikuwa ya nini?

Ndiyo maana nimeificha bahasha. Kila jioni naishika. Naisikia kwa vidole kwamba picha ina kona nne. Nataka kukuona kuliko ninavyotaka kufaulu mtihani, na wewe hujui jinsi ninavyoutaka mtihani. Lakini mwezi ujao, njia ikipitika, ataletwa mtoto wa Beatrisi wa Magara, ambaye ni dhaifu, alizaliwa kabla ya wakati wake, na Beatrisi ameshapewa dawa kituoni lakini anasema bila pumzi yangu moyo wake hautulii. Nikifungua bahasha, nitamwambia nini? Kwamba nilikuwa na hamu?

Mama ananiambia, "Watoto wa watu wana baba zao. Wewe mtazame wako." Sijui kama ni rahisi hivyo.

Njoo. Naogopa, lakini njoo.

Mwanao, mwanao kabisa,
Scovia

*

Roscommon, 19 Julai 2024

Scovia,

Nimesoma kwenye simu nikiwa koridoni, nimebeba mashuka. Nayajibu haya kwa njia ile ile ya Padri. Padri, kama unasoma, amahoro.

Nilikutumia mzaha nikidhani ni mzaha. Sikujua nimekupa kitu cha kubeba.

Kama miaka hii yote imekuwa dawa kifuani mwako, mimi ni nani niseme imwagwe. Ila nakuahidi hivi: nitakuja, na sitakulazimisha unitazame. Nikifika nitageuka. Nitakaa wiki tatu nikiangalia ukuta kama ni lazima. Utanisemesha mgongo. Siku utakayotaka, ndiyo siku. Usipotaka, nitarudi huku nikiwa nimekaa uani kwenu, na hicho peke yake ni zaidi ya nilichokuwa nacho.

Bibi Attracta anakusalimia.

Baba

*

Rumonge, 8 Septemba 2024

Kwako Bibi Attracta,

Baba ameondoka juma lililopita, na barua hii atakusomea yeye. Kwa hiyo, Baba, soma yote. Ukifika mahali pagumu usiruke. Bibi anakutazama.

Bibi, nataka kukuarifu kwamba nimeacha kazi. Ilikuwa hivi.

Habari kwamba baba wa Scovia anakuja ilifika sokoni kabla ya mimi kujua nitafanya nini. Jumapili ya kumi na moja, baada ya misa ya kwanza, uani kwetu palijaa. Walikuja na watoto wenye utando, na watoto wasio na utando ili wawekewe akiba. Mama mkwe wa Kaoutar alileta mjukuu mwenye meno yote. Nikamwambia, "Bibi, huyu anakula ugali." Akasema, "Puliza tu, mwanangu, kesho duka limefungwa."

Nilikuwa sijala tangu jana. Nilikuwa napuliza, ndipo gari likasimama barabarani. Wanawake wote wakapiga kelele mara moja: "Wewe baba, geuka! Angalia ziwa! Bado watoto!" Kaoutar alikimbia na kitenge akakishika juu kwa mikono miwili na mwenzake, kama pazia. Nikasikia sauti ile ya kwenye simu ikisema, "Nimegeuka, nimegeuka, akina mama." Mmoja akasema, "Mgongo si mubaya. Uso tutaona." Wakacheka sana. Mimi nilikuwa naangalia chini, naona viatu tu, vya kahawia, vimejaa vumbi, visigino vinanitazama.

Watoto wakaisha, lakini Beatrisi wa Magara alikuwa hajafika. Njia ya kutoka kwao hadi barabara kuu ilikuwa imekatwa na maji ya ziwa, anakuja kwa miguu. Mama alileta vigoda viwili, akaviweka mgongo kwa mgongo. Tukakaa. Mabega ya Baba yaligusa yangu. Bibi, nilimngoja mtu huyu maisha yangu yote, na neno la kwanza aliloniambia ni, "Umekula?" Nikasema, "Bado, ni masharti." Akasema, "Na mimi bado." Halafu sauti yangu haikukwama. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiangalia. Nilimsimulia shule, na mtihani, na vitabu vya maktaba ya parokia ambavyo kurasa za mwisho zimeng'olewa, mimi huzimalizia mwenyewe. Alikuwa anacheka na mgongo wangu unatikisika pamoja na wake.

Kisha akaniuliza, "Beatrisi asipofika?" Nikasema, "Tutangoja." Akasema, "Sawa." Hivyo tu. Mtu aliyepanda ndege mbili na basi, akasema sawa.

Beatrisi alifika mchana, miguu yake ina tope hadi magotini. Mtoto alikuwa mdogo kama paka. Nilipuliza. Lakini dawa yako ni ya siku tatu, Bibi, na ile ilikuwa siku moja tu. Nilimwambia Beatrisi ukweli, kwamba nitafumba macho siku mbili zaidi kama anataka alale kwetu. Yeye alimtazama Baba pale alipokaa, amepinda shingo kuelekea maji, jasho limelowesha shati lake lote. Akanitazama mimi. Akasema, "Mama Scovia, shika mutoto." Mikono yake ikawa mitupu. Akanishika mabega akanizungusha. Akasema, "Mimi dawa ya kituo ninayo. Wewe muangalie baba yako."

Baba alikuwa bado anaangalia ziwa. Nilimwita. Akageuka.

Nilikuwa nimemfanya mrefu, Bibi. Si mrefu. Ana mvi ndevuni ambazo alisahau kuzinyoa upande mmoja. Paji ni langu, ni kweli. Lakini watu hawakuniambia kwamba akitaka kulia hutabasamu kwanza. Baba, nimesema usiruke.

Mtoto wa Beatrisi amepona. Alikaa kwetu siku nne na nesi wa kituo alikuja kumwona. Siku ya kuondoka Beatrisi aliniangalia usoni, akasema, "Murakoze, Scovia." Kwa sauti. Maana hakuna tena cha kukata. Hilo pia lilinisikitisha kidogo, na kidogo nilifurahi.

Sasa nina swali, nawe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwuliza. Zamani nilikuwa namkosa baba. Alikuwa hana uso, angeweza kuwa mtu yeyote, na nilikuwa nimezoea. Sasa namkosa huyu. Huyu anayekunywa chai kwa kelele, aliyelala mchana kwenye mkeka wetu mdomo wazi, aliyenifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili. Mama amefua shuka lake na hajaliondoa kwenye kamba. Mimi nilifikiri nikimwona, maumivu yatakwisha. Yameongezeka, na hayana kazi yoyote, hakuna mtoto hata mmoja yanayemponya.

Ulimwambia Baba kwamba kwenu kila ugonjwa ulikuwa na nyumba yake. Je, huko Roscommon kuna mtu ambaye familia yake inauweza ugonjwa huu?

Baba, mwulize. Usijibu wewe.

Scovia